Kigelegele Hakingoji Kipaza Sauti

Tumsifu Yesu Kristo! Ukipanda njia za Uluguru, iwe Matombo au kule Mgeta, mtoto akikujua kuwa ni frateri atakupa salamu hiyo hata kabla ya shikamoo. Hakuulizi hali, anakualika kusifu. Nalitaja hili kwa sababu wapo wenzetu wanaosema kwamba kumsifu Mungu kwa maneno yatokayo moyoni papo hapo ni mambo ya walokole, nasi tumeiga tu.

Historia haiwaungi mkono sana. Karismatiki Katoliki ilianza Februari 1967 katika mafungo ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Marekani. Ni kweli, baadhi ya walimu wao walikuwa wameshasali na ndugu Waprotestanti. Lakini chuo hicho ni cha Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofika Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye kuleta Injili katika milima yetu. Hatuwezi kuwaita wageni.

Tena jambo lenyewe ni la kale. Mtakatifu Augustino, akifafanua Zaburi tunayoihesabu leo kuwa ya 33, anawataja wavunaji shambani: wanaanza kuimba kwa maneno, kisha furaha inazidi, maneno yanawashinda, inabaki sauti tupu. Kwake hiyo ndiyo sifa imfaayo Mungu asiyesemeka. Bibi wa Kiluguru anayepiga kigelegele wakati wa Utukufu hajamsoma Augustino, wala hahitaji kumsoma. Papa Fransisko naye, Januari 2014, akihubiri juu ya Daudi aliyecheza mbele ya Sanduku la Agano, alishangaa watu wanaopiga kelele timu yao ikifunga goli halafu wanashindwa kumsifu Bwana. Sisi wa Simba na Yanga tunyamaze tu.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi kiko upande wa pili. Katika baadhi ya mikesha ya mjini, kijana mwenye kipaza sauti anaamuru: inua mikono, mwambie jirani yako, paza sauti, bado sijasikia! Kinanda kinapanda, kila mtu anapanda nacho. Asiyeinua mikono anatazamwa kama mtu asiye na Roho. Pengine ni mama aliyezika mtoto juma lililopita, na kuja kwake tu ndiyo sifa aliyobakiwa nayo. Hapo hakuna kilichotoka moyoni papo hapo, ni gwaride. Falsafa inatufundisha kutofautisha tendo la hiari na tendo la kusukumwa, na sioni kwa nini tofauti hiyo ife tukifika kanisani.

Tunawalaumu vijana wanaohama kwamba wanafuata magitaa. Mimi naona wengi wanatafuta mahali ambapo mtu anaweza kumwambia Mungu kwa sauti, kwa maneno yake mwenyewe, habari za ajira na za mama mgonjwa. Kwetu mahali hapo pangekuwa Jumuiya Ndogondogo. Lakini tuseme ukweli: saa ya maombi ikifika, wale wale watatu wanasoma kitabuni, wengine wanatazama chini, mwenyekiti anaokoa jahazi kwa Baba Yetu, kisha tunahamia kwenye michango.

Sidai Misa igeuzwe mkesha. Misa ina utaratibu wake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 30, uliagiza vyote viwili: watu washiriki kwa shangilio na nyimbo, na ukimya mtakatifu ushikwe kwa wakati wake. Ule ukimya wa baada ya Komunyo ndio tunaoumeza kwa matangazo. Sisi mafrateri tunaotumwa parokiani wakati wa likizo hukimbilia kufundisha nyimbo mpya. Ni mara chache tunawaachia watu nafasi waanze wenyewe.

Katekista mmoja wa kigango cha milimani, ambako padre hafiki kila Jumapili, aliniambia kwamba akimaliza kusoma Neno huketi na kunyamaza mpaka mtu mwingine aanze. Siku nyingine bibi fulani huanzisha wimbo, siku nyingine mtu husali akilia, siku nyingine ni mvua tu juu ya bati. Mwanzoni, alisema, watu walidhani amepoteza ukurasa.