Israeli: kulinda Sabato si kumunyima maskini bisi

Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, mji wa Yerusalemu unabadilika. Maduka yanafungwa, treni zinasimama, bisi zinaegeshwa. Katika nyumba za Wayahudi wanaoshika dini, mama anawasha mishumaa na simu zinazimwa. Hazitawashwa tena mpaka Jumamosi usiku, wakati nyota tatu zinaonekana mbinguni.

Mashariki mwa Kongo, ambako Waadventista ni wengi, siku hiyo haishangazi mutu. Lakini sheria ya Kiyahudi inaenda mbali zaidi. Marabi wa zamani walihesabu aina 39 za kazi zinazokatazwa siku ya Sabato, kati yao kuwasha moto, kuandika, kupika na kujenga. Umeme ulipokuja, marabi wengi wa Kiorthodoksi walikataza pia kubonyeza kitufe cha taa.

Wengi walifikiri kwamba maisha ya kisasa yataua desturi hiyo. Haikuwa hivyo. Leo saa maalum inawasha na kuzima taa yenyewe. Chakula kilichopikwa Ijumaa kinabaki moto juu ya sahani ya umeme. Katika majengo marefu, asanseri inasimama yenyewe kwenye kila etaji, bila mutu kubonyeza kitu. Na pale maisha ya mutu yako hatarini, sheria ya Sabato inawekwa pembeni: daktari anaendesha gari, mgonjwa anapelekwa hospitali.

Kuna wanaocheka na kusema huko ni kumdanganya Mungu. Wanakosea. Kwa saa 25 hivi, mwanadamu anaacha kuamuru vitu, anakaa mezani na watoto wake. Katika dunia ambapo simu inaita hata usiku wa manane, hilo si jambo dogo.

Shida inaanza pale serikali inapochukua Sabato mikononi mwake. Mwaka 1947, David Ben-Gurion na viongozi wenzake waliwaandikia barua Wayahudi wa Kiorthodoksi, wakiahidi kwamba Jumamosi itakuwa siku rasmi ya kupumzika katika taifa litakalozaliwa. Tangu hapo, katika sehemu kubwa ya nchi, bisi na treni hazitembei siku hiyo. Mwaka 2016, Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu alisimamisha kazi za kutengeneza reli siku ya Sabato. Kazi zikasogezwa, na Jumapili yake wasafiri wengi, wakiwemo wanajeshi waliokuwa wanarudi kambini, wakakwama njiani. Mwaka uliofuata, Waziri wa Afya Yaakov Litzman alijiuzulu kwa sababu ya kazi kama hizo.

Je, nani analipa bei ya mabishano hayo? Si tajiri. Mwenye gari anaenda anakotaka, Sabato ao si Sabato. Anayebaki nyumbani ni mzee asiye na gari, ni mwanafunzi, ni mama anayetaka kumuona mtoto wake aliyelazwa hospitali upande wa pili wa mji. Na karibu mtu mmoja kati ya watano nchini humo ni Mwarabu, ambaye Jumamosi si siku yake takatifu.

Wanaotetea katazo hilo wana hoja nzito. Wanasema: mukifungua kila kitu, mfanyakazi mwenye imani atalazimika kuchagua kati ya mkate na Mungu wake. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake ipo: sheria ya kazi ya mwaka 1951 inampa mfanyakazi angalau saa 36 za kupumzika kila juma, na asiye Myahudi anaweza kupumzika Ijumaa ao Jumapili. Hiyo ndiyo sheria ya kukaza: asifukuzwe mutu kwa sababu ya kushika siku yake. Kumulinda mfanyakazi hakulazimishi kumufungia msafiri.

Mifano haikosekani. Haifa ina bisi za Jumamosi tangu kabla ya taifa kuzaliwa. Mwezi wa Novemba 2019, Tel Aviv na miji jirani ilianzisha bisi za bure za mwisho wa juma, na njia zake nyingi zinaepuka mitaa ya watu wa dini. Anayetaka kusafiri anasafiri, anayetaka kusali anasali.

Historia nayo inatoa somo. Wakati wa ukoloni, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walikaa Elisabethville, leo Lubumbashi, na sinagogi yao ingali imesimama. Hakuna serikali iliyofunga mji ule kwa ajili ya siku yao. Kwa karne nyingi Wayahudi walishika Sabato katika nchi za watu, bila waziri wala polisi. Siku iliyoweza kuvuka yote hayo haiwezi kuuawa na bisi inayopita barabarani.