Mtoto Asiyeonekana Katika Ramani

Nchi ya Unyamwezi iliingia katika ramani mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Burton na Speke walifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, na ramani zilizotokana na safari yao zilionyesha njia itokayo pwani kwenda Ujiji. Ziliwafaa wafanyabiashara na watawala. Mtoto aliyepitishwa njia hiyo hiyo akiwa mtumwa hakuwamo.

Leo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazitaka serikali za mitaa zilinde ustawi wa mtoto na ziweke daftari la walio katika mazingira hatarishi. Vijijini, wanakijiji wenyewe hushiriki kuwataja watoto hao, na hilo ni jema, maana jirani ndiye ajuaye nani amelala njaa. Lakini jina katika daftari halimwambii afisa ustawi wa jamii kwamba nyumba ile iko ng'ambo ya mto usiovukika masika. Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba zipatazo 76,000. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 3,391,679. Katika upana huo, umbali wenyewe ni umaskini.

Tena wapo wasioandikwa kabisa. Urambo, Kaliua na Sikonge hupokea familia zinazofuata kilimo cha tumbaku. Hujenga kibanda kando ya shamba, porini, na msimu ukiisha huenda zao. Mkutano wa kijiji utamtajaje mtoto ambaye wazazi wake si wanakijiji?

Huko Mara kazi ya namna hii imekwisha kufanyika. Tangu 2015 wajitoleaji wa Crowd2Map wamechora barabara na nyumba kutokana na picha za setilaiti, na wenyeji wakaongeza majina ya vijiji kwa simu zao. Ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji, hata usiku.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Nukta juu ya nyumba ya yatima, ikibandikwa ukutani mwa ofisi, yaweza kumwongoza mwovu kama imwongozavyo mwema. Ukutani ziwekwe shule, zahanati, visima na njia. Makazi ya mtoto yabaki chini ya ufunguo wa afisa.

Wala tusiambiwe kwamba vibanda vya porini havijulikani. Vyama vya msingi vya ushirika vinawajua wakulima wao kwa majina, na kila mtumba wa tumbaku hupimwa, hupangwa daraja na kuandikwa jina la mwenyewe. Jani linafuatiliwa kutoka shambani hadi sokoni; aliyelichuma, pengine akiwa na miaka kumi, hafuatiliwi. Tunawaomba madiwani wa wilaya hizo walipeleke jambo hili katika baraza kabla ya msimu ujao: vyama viwaonyeshe watendaji wa vijiji mashamba yalipo, nao waende wakahesabu watoto.