Kontra inakwisha: dosiye ya munganga inabakia kwa nani?

Kila jamaa ya Katuba iko na sanduku moja chini ya kitanda. Ndani yake muko kadi ya uchaguzi, karatasi ya kiwanja, diplome ya mutoto, karatasi za mushahara za zamani. Mvua ikiingia mu nyumba, njo ya kwanza kutoshwa. Lakini tafuteni mu ile sanduku karatasi za lupitalo. Pengine mutapata kakaratasi kamoja ka dawa, kamekunjwa, maandiko yamefutika. Baba amefanya miaka 20 mu kazi ya mine, amepigwa radio ya kifua mara nyingi, ametoshwa damu hata hajui mara ngapi, na ku nyumba hakuna karatasi moja inayoonyesha kile munganga aliona.

Ile yote iko wapi? Iko ku kampuni. Ile njo neno tunataka kuongea leo, ndugu wasomaji, juu sasa watu wameanza kusema kama dosiye ya mugonjwa itaingia mu telefone.

Haya mambo yanatoka mbali. Tangu Union Minière ilianzishwa mu 1906, na kisha wakati wa Gécamines, kampuni njo ilikuwa baba na mama: nyumba, posho, masomo, lupitalo. Mama mwenye mimba alienda kwa kampuni, mutoto alipimwa uzito kwa kampuni. Ilikuwa kintu kizuri, hatukatae. Lakini ilituachia mazoea moja mubaya: munganga anajua, kampuni inaandika, sisi tunaitika paka «ndiyo munganga» na kurudi ku nyumba na dawa mu mufuko.

Leo sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema wazi kama mwenye kuajiri anapaswa kutunza mufanyakazi na jamaa yake: munganga, dawa, lupitalo, hata safari ya kwenda kutunzwa. Lakini inasema tena: mpaka mwisho wa kontra. Kontra ikikufa, ile haki nayo inakufa. Katanga haikusahau mwaka 2003, wakati watu zaidi ya 10 000 waliacha kazi ya Gécamines mu ile waliita «départs volontaires», na feza iliyotoka kwa Banque mondiale. Walihesabiana feza, wakatia saini. Ku meza ile, ni wangapi waliuliza: «Na dosiye yangu ya lupitalo?»

Kwa nini tunakaza vile? Juu vumbi ya jiwe haina haraka. Silicose, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi ya mawe, inaweza kujionyesha kisha miaka 10 ao 20, hata kama mutu aliisha kuacha kazi. Mutu anaanza kukohola, anachoka pale anapanda ngazi, wanamutunza malaria, wanamutunza kifua kikuu. Na kweli, mwenye silicose anapata kifua kikuu kupita mwengine, basi magonjwa mawili yanachangana. Munganga akiwa na radio ya mwaka wa kwanza wa kazi na ya mwaka wa mwisho, anaziweka pamoja na anaona kile kilichobadirika. Akikosa zile, anaanza na kitabu chenye kurasa nyeupe.

Na hapana munganga peke yake. Sheria ya CNSS ya mwaka 2016 iko na sehemu ya magonjwa na aksida za kazi. Lakini mu biro, hakuna mutu atakupa kintu juu ya kukohola tu. Watakuuliza karatasi. Mutu ambaye dosiye yake ilibakia nyuma ya mulango wa kampuni, na kampuni ile pengine iliisha kubadirisha jina ao mwenyewe, atatembea mpaka viatu vitakwisha.

Sasa tuje ku ile kintu mupya, ile Wafaransa wanaita «portail patient»: lango la mugonjwa ku intaneti. Haina uchawi. Iko sawa vile compte yako ya M-Pesa ao Airtel Money: uko na jina, uko na namba ya siri, unafungua mu telefone. Pahali ya feza, unaona mambo ya mwili wako: majibu ya labo, dawa walikuandikia, chanjo za watoto, siku ya kurudi kwa munganga. Mu malango mengine unaweza kuandikia munganga ulizo na kupata jibu bila kupanga mustari tangu saa kumi na moja za asubui.

Kwengine ile kazi iliisha kuanza. Mu Ufaransa, tangu mwaka 2022, kila mutu wa assurance maladie alifunguliwa sanduku lake ku intaneti, «Mon espace santé», isipokua wale waliokataa. Hapa karibu, Kenya ilibadirisha assurance yake ya afya mu mwezi wa kumi 2024, na watu wanajiandikisha wenyewe ku lango linaloitwa Afya Yangu. Mwenye hana intaneti anapiga namba mufupi ku telefone ya kawaida. Kwetu, zone de santé zinatuma hesabu zao za kila mwezi ku Kinshasa kwa kompyuta: malaria ngapi, kuzaa ngapi, chanjo ngapi. Ni hesabu tu, bila majina. Basi serikali inaweza kujua malaria ya Katuba, lakini mutu wa Katuba hajui matokeo ya damu yake mwenyewe.

Faida iko wapi kwa jamaa ya mufanyakazi wa mine? Tuseme baba iko Fungurume ao Kolwezi, anakamilisha siku zake za kazi kambini. Mama na watoto wako huku. Usiku mutoto anapata homa kali, wanamukimbiza ku lupitalo ya karibu, hapana ile ya kampuni. Munganga anauliza: «Mama, huyu mutoto walimupatia dawa gani mwezi uliopita? Kuko dawa inamukatalaka?» Mama anajibu: «Munganga, ilikuwa ka dawa keupe.» Dawa nyeupe ziko mia. Kama dosiye iko mu telefone, mama anaifungua pale pale, ao baba anaituma kutoka kule.

Hata kwa mama mwenye mimba ni vile. Mu mwaka 2020, wanganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti waliofanya hapa Lubumbashi: vilema vya kuzaliwa vilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya mine. Haina kusema kama kila mutoto wa mufanyakazi atazaliwa vile. Wengi wanazaliwa wazima. Inasema kama munganga anayepima mimba anapaswa kujua kazi ya baba. Dosiye ya baba na ya mama zisiwe mu manyumba mbili zisizoongea.

Lakini tusijidanganye. Lango linaweza kufunga sawa vile linaweza kufungua. Umeme unakatika, mega zinauzwa, telefone moja inatumikiwa na watu watano. Juu ya ile tunataka kusema mambo manne, wazi wazi.

Ya kwanza: siri. Namba yako ya siri usiipe kijana wa cyber, usiipe mukubwa wa timu, usiiandike nyuma ya telefone. Kama hujue kusoma vizuri, chagua mutoto ao ndugu mumoja unayemuamini, na ukae kando yake pale anafungua. Mambo ya damu na ya mimba yanaweza kuvunja nyumba kama yanasomwa na macho yasiyo yake.

Ya pili: kusoma bila kuogopa. Majibu ya labo yanaandikwa na kifaransa cha wanganga. «Négatif» haina maana ya habari mbaya: mara nyingi inasema kama ugonjwa waliotafuta hawakuuona. «Positif» haina maana ya habari nzuri. Kabla ya kulia ao kucheka, uliza munganga.

Ya tatu: haraka. Mutoto akitetemeka, mama akitoka damu, mufanyakazi akishindwa kupumua, usiandike mesaji na kungojea jibu. Beba mugonjwa, enda.

Ya ine, na hii tunaiambia kampuni: lango la mugonjwa lisiwe dirisha la mukubwa wa personnel. Munganga wa kazi anaweza kuambia kampuni kama mutu anaweza kufanya kazi hii ao hapana. Jina la ugonjwa ni siri ya munganga na mugonjwa. Code du numérique, iliyotiwa saini mu mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za mutu, na za afya ziko kati ya zile za kulindwa zaidi. Mufanyakazi akiogopa kama radio yake itamupotezesha kazi, hataenda kupigwa radio. Na pale hakuna atakayepona.

Kwa ile, gazeti hii inauliza mambo mawili kwa kampuni za mine na ma lupitalo yao. Siku mufanyakazi anatoka, kwa kustaafu, kwa kufukuzwa ao kwa kwisha kwa kontra, apewe dosiye yake mu mukono: radio za kifua, majibu ya damu, siku za aksida, pamoja na karatasi ya mwisho ya malipo. Na kampuni yenye kufungua lango ku intaneti isilifunge siku ile ile wanapomunyanganya badge. Wadelege wa sindika, mukiingia mu mazungumzo ya mushahara, wekeni neno hili ku meza. Halina bei kubwa, na litasaidia kuliko buku la mchele la mwisho wa mwaka.

Na sisi, tusingojee. Kazi ya kwanza haiombe intaneti. Juma hii, kila jamaa inunue kaye moja ya mutoto wa masomo. Iandike jina la kila mutu, mwaka wa kuzaliwa, magonjwa makubwa, dawa zinazomukatala, chanjo, tansioni kwa wale wanaoifuata. Baba aandike tena: nilifanya kazi fulani, mu kampuni fulani, tangu mwaka huu mpaka mwaka ule, mu vumbi ao hapana. Ukienda ku lupitalo, omba kopi ya majibu, kwa heshima lakini bila woga: «Munganga, tafazali, naomba kopi yangu.» Ukiwa na telefone yenye picha, piga picha ya karatasi na uitume kwa mama pia. Telefone ikiibiwa, kaye inabakia. Kaye ikilowana, picha inabakia.

Neno hili linaangalia zaidi wale wanaochimba wenyewe, ma creuseurs. Wao hawana lupitalo ya kampuni, hawana visite ya kazi, hakuna mwenye anaandika juu yao. Leo wako hapa, kesho wako kwengine, kila centre de santé inawaanzia upya. Vumbi yao ni ile ile. Kwao ile kaye ya franka kidogo njo dosiye peke yake.

Siku lango la intaneti litafika Katuba kweli, tutalipokea na furaha. Lakini litapata nini ndani kama zile radio za miaka 20 zimeisha kupotea? Baba na mama, tafuteni karatasi zenu wakati kontra ingali inaishi na biro ingali inawafungulia mulango. Na mukizipata, muziweke mu ile sanduku ya chini ya kitanda, kando ya karatasi ya kiwanja.