Soli, Roho na Nasaba za Maneno

Tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar haianzi na Kaizari. Inaanza na mafundi waliotelekeza kazi zao na kumiminika katika mitaa ya Roma kushangilia ushindi wake. Mmoja wao, fundi viatu, anaulizwa na mkubwa mmoja afanya kazi gani. Hasemi wazi. Anajibu kwa neno ambalo kwa sikio ni moja na kwa jicho ni mawili: sole, soli ya kiatu, na soul, roho ya mtu. Mkubwa anapandwa na hasira, watazamaji wanaangua kicheko. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo, tafsiri iliyotoka mwaka 1963 na kurudi mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, alimkuta fundi huyo mlangoni kabisa, kabla Brutus na Kasio hawajasema lolote. Kwa Kiswahili soli ni soli na roho ni roho, wala hakuna sikio litakaloyachanganya.

Toleo hili linahusu maneno ya aina hiyo, yale ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti na kumtoa jasho kila ajifunzaye lugha hiyo. Wanafunzi wa Kenya wana msamiati wa kuyazungumzia tangu shule ya msingi, maana katika Kiswahili wamefundishwa vitate na vitawe. Ila kipindi cha Kiingereza kikifika, maneno haya hugeuka mitego. Mwalimu huandika orodha ubaoni, wanafunzi hunakili, kisha huja zoezi la kujaza mapengo na kalamu nyekundu. Jarida hili halina ugomvi na mazoezi. Linalolalamikia ni kwamba orodha inaficha jambo tamu kuliko yote: kila jozi ina kisa cha jinsi ilivyokutana, na visa hivyo havifanani hata kidogo.

Tuanze na fundi viatu wetu. Soul ni neno la Kiingereza cha kale, la ukoo mmoja na lugha za Kijerumani. Sole lilitoka kwa Warumi, waliokuwa na solea, ndara ya kuvaa miguuni, likafika Uingereza kwa mkono wa Wafaransa, ambao lugha yao ilitawala ikulu na mahakama za huko baada ya uvamizi wa mwaka 1066. Samaki bapa aitwaye sole naye alipewa jina kutokana na ndara hiyohiyo, kwa sababu ya umbo lake. Kwa hiyo kiatu na samaki ni ndugu wa tumbo moja, ilhali kiatu na roho ni wapangaji wa nyumba moja waliotoka mikoa tofauti.

Wapangaji wengine huandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, na bado hawana undugu. Ear ni sikio, na ear ni suke la nafaka. Ni rahisi kudhani kwamba mkulima wa zamani alilitazama suke likichomoza kwenye bua akaona kama sikio limesimama. Dhana nzuri, lakini si kweli. Katika Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili yenye maumbo mawili, na lile la suke linatoka katika mzizi wenye maana ya ncha kali. Viishio vya maneno vilipolika kwa karne kadhaa, tofauti ikalika navyo.

Kinyume chake kinashangaza zaidi. Flower ni ua, flour ni unga, na kila kitabu cha mazoezi huyaweka katika orodha ya maneno yasiyohusiana ila kwa matamshi. Hilo ni kosa. Ni neno moja. Kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, sehemu bora ya kitu iliitwa ua lake, na sehemu bora ya ngano iliyosagwa na kuchekechwa ikaitwa ua la ngano. Kwa muda mrefu tahajia zote mbili zilitumika bila mpango, na kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikuipa flour nafasi ya peke yake. Waliotenganisha ua na unga ni waandishi na wachapaji, si mababu wa lugha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa metal, yaani metali, na mettle, ushupavu wa mtu. Asili ni neno la Kigiriki lililohusu machimbo ya madini. Katika zama za Shakespeare tahajia yoyote kati ya hizo mbili ilibeba maana yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu ushupavu wa mtu ulikuwa, kwa mawazo ya wakati ule, ni madini aliyoumbwa nayo. Na pupil? Ni mwanafunzi, na ni mboni ya jicho. Kilatini kilikuwa na neno la mtoto wa kike na la mwanasesere, na kutoka huko likaja jina la yatima aliye chini ya mlezi, kisha la mwanafunzi. Mboni nayo? Mtazame mtu machoni kwa karibu: utaona sanamu ndogo ya uso wako, mwanasesere aliyesimama katikati ya duara jeusi. Wagiriki nao waliliona hilo, wakatumia neno lilelile kwa msichana na kwa mboni. Mwalimu akilisimulia hili mara moja, hakuna atakayehitaji kulikariri.

Chanzo cha tatu cha mkanganyiko ni sauti zenyewe kuhama. Meat, nyama, na meet, kukutana, hayakuwahi kuchanganywa na mtu yeyote katika Uingereza ya mwaka 1400, kwa kuwa irabu zake zilikuwa mbili tofauti. Kuanzia karne ya 15 hadi karibu na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama makao, moja ikisukuma nyingine kinywani, na mwisho wake irabu hizo mbili zikaangukia mahali pamoja. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji pale Westminster mwaka 1476, safari hiyo ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Wachapaji wakaendelea kugandisha tahajia huku ndimi zikienda zake. Ndiyo maana tahajia ya Kiingereza, inayolaaniwa na kila mgeni, ni picha ya matamshi ya watu waliokufa zamani.

Washairi wametuachia ushahidi, na wapenzi wa tungo za Kiswahili wataupokea vizuri kuliko Waingereza wenyewe, maana wao wanajua kuwa kina hakidanganyi. Mwanzoni mwa karne ya 18 Alexander Pope, fundi wa mizani asiyefanyiwa mzaha, alilinganisha kina cha tea na cha obey. Hakuteleza. Kwake chai iliitwa kwa sauti inayokaribia “tei”. Maneno machache, kama great, break na steak, yaligoma kuhama na yamegoma hadi leo. Majina ya washairi wawili wakubwa yanaionyesha ajabu hiyo: Keats na Yeats yanatofautiana kwa herufi ya kwanza tu, lakini la kwanza husomwa “Kits” na la pili “Yets”, irabu ikivutwa. Mabadiliko hayo yameua vichekesho pia. Falstaff, katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, anakataa kutoa sababu za uongo wake kwa kulilinganisha neno hilo na matunda ya porini. Siku hizo reason, sababu, lilitamkwa sawa na raisin, zabibu kavu. Leo mtazamaji wa London hukaa kimya pale ambapo babu zake walivunjika mbavu.

Konsonanti nazo hufa. Knight na night, askari wa farasi na usiku, yana sauti moja leo. Zamani ile k ya mwanzo ilisikika waziwazi, na gh ilikwaruza kooni mithili ya kh ya Kiarabu. Hata maana imepanda cheo: neno la kale lililozaa knight lilimaanisha mvulana, kisha mtumishi. Wajerumani, wenye Knecht kwa maana ya mtumishi, bado wanaitamka k yao na hawajampandisha mtumishi huyo farasi.

Msomaji wa Mombasa ana haki ya kutabasamu hapa. Katika Kimvita, paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo na paa la nyumba bila mpumuo. Kaa wa baharini na kaa la moto hutofautiana kwa njia hiyohiyo. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili sanifu hawaisikii tofauti hiyo, na tahajia yetu haiionyeshi, hivyo vitabu vya shule huyaweka maneno hayo katika fungu la vitawe. Kwa mzee wa Mji wa Kale ni sawa na kumwambia kuwa pera na bera ni neno moja.

Mpaka hapa sikio limefanywa shahidi asiyeaminika. Lakini kuna nyakati sikio hukosea na kosa lake likapewa nguvu ya sheria. Island, kisiwa, halina uhusiano wowote na isle, ambalo pia ni kisiwa. La kwanza ni la Kiingereza cha kale, la pili ni insula ya Kilatini iliyopitia Ufaransa. Wasomi wa karne ya 16 waliyaona yamefanana sauti na maana, wakadhani ni ndugu, wakaipachika s ndani ya island. Haijatamkwa hata siku moja na haijaondoka. Female lilitokana na femelle ya Kifaransa, neno lenye asili yake binafsi, likabadilishwa mwisho ili lifanane na male. Mijadala mingi ya jinsia imejengwa juu ya dhana kwamba mwanamke katika Kiingereza ameitwa kwa kuongezewa kitu kwenye jina la mwanamume. Hoja ya usawa ina nguvu za kutosha bila kuegemea nguzo hiyo. Belfry nao ni mnara wa kengele leo, lakini asili yake ni mnara wa mbao wa kuhusuru ngome. Ile l iliingizwa na watu waliosikia bell, kengele, ndani ya neno ambalo halikuwa nayo.

Kisa kitamu zaidi cha aina hii kinaliwa. Hamburger ni kitu cha Hamburg, mji wa Ujerumani. Wazungumzaji wa Kiingereza walisikia ham, paja la nguruwe, wakakata neno katikati, na kipande kilichobaki kikaanza maisha mapya: cheeseburger na jamaa zake wote. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anapoagiza baga, anatamka mkia wa jina la mji, sehemu iliyokuwa na maana ya ngome. Kabla ya kuwacheka Waingereza, tukumbuke vipilefti vyetu. Amri ya barabarani ya keep left ilisikika kwetu kama kitu chenye kiambishi ki-, tukakipa wingi wake bila kusita. Mudguard za magari zikawa madigadi, na palipo na madigadi lazima liwepo digadi moja. Kitabu, neno la Kiarabu, kilipata vitabu kwa mtindo huohuo karne nyingi kabla.

Kiswahili, kwa kukopa Kiingereza, kimerithi pia nasaba zake zilizofichika. Benki na benchi hazionekani kuwa na la kuzungumza, moja ikiwa na walinzi mlangoni na nyingine ikiwa chini ya mwembe. Ni mzizi mmoja wa Kijerumani. Wabadilishaji fedha wa Italia walikaa nyuma ya meza zao, banca, na biashara ikachukua jina la samani. Huku peni na penseli, ambazo hukaa kwenye mfuko mmoja wa shati, si ndugu. Peni ni penna, unyoya wa Kilatini, kwani watu waliandikia manyoya. Penseli ilianza kama brashi nyembamba ya mchoraji, na jina lake lina maana ya kimkia. Alexander Fleming alipogundua dawa katika maabara yake London mwaka 1928, kuvu aliyoikuta tayari ilikuwa na jina lililotokana na kimkia hicho, kwa kuwa chini ya darubini vichwa vyake hufanana na brashi. Ndugu wa kweli wa penseli yuko dukani kwa mwenye famasi: ni penisilini.

Wapo walimu wanaosema kuwa yote haya ni hadithi za jioni na mtihani hausubiri. Wajibiwe kwa stationary na stationery, jozi inayowaumbua hata makatibu wazoefu. La kwanza ni kitu kilichotulia mahali pamoja, la pili ni karatasi na vifaa vya kuandikia. Mwanafunzi anaweza kuambiwa kwamba moja lina a na jingine lina e, akasahau kesho yake. Au anaweza kuambiwa kwamba katika Ulaya ya zama za kati wachuuzi wengi walitembeza bidhaa, na muuza vitabu mwenye kibanda chake cha kudumu aliitwa kwa jina la kutulia kwake, stationer, na kwamba chama cha watu hao London kilipata hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa za stationer ni stationery, kama mahali pa kazi pa baker, mwokaji, panavyoitwa bakery kwa tahajia ileile ya -er. Maelezo hayo hayamalizi hata dakika mbili za kipindi.

Si kila jozi inakubali dawa hii. Its na it's hazina kisa cha kumvutia mtoto, na hapo kukariri kunabaki kukariri. Kuhusu their na there, wachangiaji wa toleo hili wamegawanyika. There anaishi na here na where, familia nzima ya mahali, na hilo hutosha kwa wengi. Their si wa kabila hilo: aliletwa pamoja na they na mabaharia wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, na makala inayofuata ukurasa huu inawatwisha Waviking lawama yote.