Vidonda vya Tumbo: Nani Aliviona?

Tumbo likikujaa baada ya matonge manne ya ugali, una vidonda vya tumbo. Ukiamka na kichefuchefu, vidonda. Kiungulia kikikupanda usiku, vidonda tu. Hukumu hiyo mara nyingi haitoki kwa daktari. Huitoa shemeji, au jirani, au muuza dawa anayekukabidhi omeprazole kabla hujamaliza kujieleza. Kisha masharti hufuata: acha maharage, acha pilipili, punguza mawazo, kunywa maziwa, usikae na njaa.

Imani hii imezeeka, na inaumiza watu. Kidonda cha tumbo ni jeraha kwenye ukuta wa mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mdogo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kuwa vingi vya vidonda hivyo huletwa na bakteria aitwaye H. pylori. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zilezile tunazomeza kama njugu. Pilipili inaweza kukuchoma, haichimbi kidonda. Na wengi wanaopimwa kwa kamera, kile kipimo cha kumeza mpira, kwa sababu ya tumbo kujaa na kuuma hawakutwi na kidonda chochote.

Basi wanaumwa nini? Tunasahau kwamba tumbo linafanya kazi kwa misuli. Chakula kikiingia, sehemu ya juu hulegea ili kukipokea. Sehemu ya chini hujikaza kama mara tatu kwa dakika, ikikisaga hadi chembe zake zibaki za milimita moja au mbili, ndipo mlango wa kuingilia utumbo mdogo uziruhusu kupita. Maji hupita upesi. Mlo wa kawaida huchukua kama saa nne, na mafuta huuchelewesha zaidi. Tumbo likishakuwa tupu, wimbi la kufagia mabaki hupita kila baada ya dakika 90 hadi 120. Ule mngurumo wa njaa mara nyingi ni ufagio huo, wala si asidi inayotafuna ukuta.

Sasa mfikirie mwenye kisukari cha miaka mingi. Sukari imeharibu neva inayoliendesha tumbo, na chakula cha mchana bado kimekaa pale jioni. Anashiba kwa vijiko vichache, anatapika alichokula saa nyingi zilizopita. Insulini aliyojichoma inafanya kazi kabla chakula hakijafika kwenye damu, sukari inashuka, anatetemeka. Sisi tunamwambia ni vidonda, tunampa maziwa yenye mafuta, yaani kitu kinachozidi kulichelewesha tumbo lile lile lililochoka.

Najua jibu la watetezi: “Mbona nikimeza omeprazole napata nafuu?” Dawa hiyo hupunguza asidi, kwa hiyo hutuliza kiungulia cha aina nyingi. Hata maumivu ya saratani ya tumbo yanaweza kutulia kwa muda huku saratani ikiendelea kukua. Nafuu si kipimo.

Watasema pia kwamba kipimo cha kamera ni ghali na hakipatikani kila mahali. Hilo ni kweli. Lakini kupima sukari ni rahisi, H. pylori hupimwa kwa choo, na kumweleza daktari dawa zote unazomeza hakuna malipo. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula kooni asipoteze hata siku moja kwa juisi ya kabichi, aende hospitali.

Kwa hiyo mtu akikutangazia una vidonda, muulize swali moja: nani aliviona? Akikosa jibu, mshukuru kwa huruma yake, kisha nenda ukapimwe.