Kabla Uite Mtu Mwizi, Hesabu Masaa Matatu

Wasee, nitasema hii na mkitaka mnikasirikie: logi peke yake si shahidi. Ni maandishi tu mpaka ujue saa yake iliwekwa vipi.

Rafiki yangu alikuwa karibu afutwe kazi juu ya 18:04. Kwa duka anafanya kuna faili mbili: ya mlango, yenye kadi za wafanyakazi, na ya seva ya kaunta. Seva ilisema mauzo fulani yalifutwa 18:04. Mlango ukasema jamaa alitoka 19:02. Supavaisa akapiga hesabu ya haraka: ulikuwa ndani, ni wewe. Kwisha.

Akaniletea faili kwa flashi. (Niliacha chuo, ndio, lakini terminali haijawahi kuniuliza cheti.) Nikaanza na join. Ikatoa tupu. Join inataka faili zimepangwa na muda ufanane herufi kwa herufi. Mlango ukifunguliwa 08:00:03 na kaunta iwashwe sekunde nne baadaye, kwake hao hawajuani kabisa. Lakini tupu si jibu, bana.

Nikaangalia asubuhi. Kaunta inawashwa 05:00:07. Nani hufungua duka saa kumi na moja alfajiri? Hapo ndio nikashtuka: seva inaandika UTC, na Kenya tuko masaa matatu mbele, mwaka mzima. Faili yenyewe haina +0000 popote. Sasa hiyo 18:04 ni saa tatu na dakika nne usiku, jamaa ako kwao anakula ugali.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Faili ya mlango inasomwa na TZ=Africa/Nairobi, ya seva na TZ=UTC, kisha date -d na +%s inageuza kila muda kuwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Halafu awk inalinganisha, tofauti isizidi sekunde 10. Asubuhi zote zikapatana.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi tumekua tukisema saa tatu na simu inaonyesha 9:00. Sisi wa kwanza tungefaa kuuliza, "Saa ya nani?" Na wewe unayeandika programu, kuweka hiyo +0300 kunakugharimu nini?

21:04 kulikuwa na kadi moja tu haijatoka. Ya nani, si yangu kusema. Lakini supavaisa ameacha kupiga simu.