Kamera Harusini: Nani Ametoa Idhini?



Ndugu wanafunzi wenzetu, mvua zikikatika na mahindi yakishaingia ghalani, msimu wa harusi huanza huku kwetu Njombe na Makambako. Ni furaha, alhamdulillahi. Lakini tulihudhuria harusi moja, mtaa hatuutaji, ambapo mpigapicha wa kiume aliingia upande wa akina mama wakati bibi harusi amevua baibui. Hakupiga hodi. Kabla ya Isha picha zile zilikuwa zinazunguka kwenye simu za watu, na bibi harusi akaipitisha walima yake akilia.

Wapo waliosema tangu siku ile kamera ipigwe marufuku harusini. Sisi hatukubaliani nao. Ikhtilafu ya wanazuoni juu ya picha za kamera ni ya zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala ya kuzijuzisha, na wengine walizikataa kwa hoja zao, nao tunawaheshimu. Hata elimu ya nuru kupenya tunduni na kuingia chumba cha giza, Ibn al-Haytham wa Basra aliiandika tangu karne ya 11.

Tatizo letu ni idhini. Suratun Nuur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Tunavyoona sisi, lenzi nayo ni mguu: ikifika chumbani, mwenyewe amefika. Na nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Rai yetu ni kwamba dada zetu wa madrasa wafundishwe kamera, upande wa akina mama uwe wao. Kazi hii ina elimu yake, si kubonyeza tu. Kanzu nyeupe hukidanganya kipimo cha mwanga, ikatoka ya kijivu. Lazima mwanga uongezwe kidogo. Ukitoka kwenye baridi ya Njombe mwezi wa saba ukaingia ukumbi uliojaa watu na mvuke wa pilau, lenzi hushika ukungu papo hapo. Dawa yake ni kuiacha kamera kwenye mfuko uliofungwa mpaka ipate joto. Betri ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili, kwani baridi huimaliza nguvu.

Wapo pia maharusi wanaotamani picha katikati ya maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Wajue kwamba maua yale hushamiri wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Anayeoa Julai atakuta nyasi na baridi kali! Na maua hayachumwi, hata kwa ajili ya bibi harusi.

Jambo la mwisho lizungumzwe kabla ya siku yenyewe, pamoja na malipo: picha za ndani akabidhiwe bibi harusi mwenyewe, na mpigaji asibaki na nakala. Tumekwisha kumweleza ustadhati wetu, naye amekubali kuanza na wasichana wanne baada ya darasa la Alhamisi. Kamera moja ya zamani imepatikana. Inakosa betri tu.